Mlio wa Baiskeli ya Jepchumba

Baiskeli ilikaa stoo miezi minne, imeegemea magunia ya chakula cha ng'ombe, na kwa muda huo wote Kibii hakuigusa. Hakuwa ameamua kutoigusa. Kila alfajiri aliingia kuchukua ndoo mbili za pumba, akaipita kama anavyopita mtu nguzo ya umeme iliyo mbele ya lango lake, akatoka. Vumbi lilitanda juu ya kiti na usukani. Aliliona vumbi hilo likiongezeka, wala halikumwambia kitu.

Kilichomfanya aiguse ni swali. Mkewe, Jerotich, aliliuliza asubuhi moja ya Jumamosi wakinywa chai, katika nyumba yao ya Kiamunyi, bila kutanguliza neno lolote la kuliandaa.

"Mwalimu," alisema, "ile sauti aliyokuwa akiilalamikia. Ilikuwa nini?"

Tangu mazishi alikuwa akimwita Mwalimu. Kabla ya hapo, kwa miaka ishirini na miwili, alimwita Baba Jepchumba. Hakuna aliyelizungumzia badiliko hilo.

"Sijui," Kibii alijibu.

"Wewe ndiye uliyesomea hayo mambo."

Hilo lilikuwa kweli. Kibii alikuwa amefundisha fizikia katika shule za upili kwa miaka thelathini, na katika ukoo mzima yeye ndiye aliyeitwa pampu ilipokataa kuvuta au jenereta ilipotoa moshi. Kwa hiyo mwezi wa pili, binti yao Jepchumba alipomjia na kumwambia kwamba baiskeli yake ya mbio inalia kila anapokanyaga, alikuwa amefika kwa mtu anayestahili kuulizwa. Kibii alikuwa anasahihisha mitihani. Hakuinua macho. Alimwambia kwamba sauti ni nishati iliyokosa kazi, kwamba kitu kinachopiga kelele si lazima kiwe kibovu, na kwamba apake mafuta, itanyamaza.

Haikunyamaza. Jepchumba alilalamika mara mbili zaidi, kisha akaacha. Mwezi wa tatu, katika mteremko mdogo wa barabara ya Kabarak, akiwa mbele ya wenzake aliozoea kuendesha nao kila Jumamosi, alilifikia lori lililoharibika kandoni. Dereva alikuwa ameweka matawi barabarani, kama wafanyavyo wote, kuonya magari. Jepchumba hakufunga breki. Aliyapanda matawi, baiskeli ikateleza ikaenda zake majanini, na yeye akaenda upande wa lori.

Polisi waliandika kwamba alishindwa kuidhibiti baiskeli. Mama mmoja aliyekuwa akiuza karoti pale kandoni, Wariara, alisema kwamba msichana alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama chini, kama mtu aliyeangusha kitu. Kibii alimsikiliza Wariara kwa adabu na kuuweka ushahidi wake kando. Mama alikuwa mbali, alikuwa na mteja mbele yake, na watu walioona ajali huona pia mengi ambayo hayakutokea.

Alichobaki nacho ni ile sauti. Ikiwa ilikuwa ya chuma kinachokatika, basi yeye, mtu aliyekisomea chuma, alimruhusu mwanawe apande kitu kilichokuwa kinavunjika. Ikiwa haikuwa hivyo, basi hakufanya kosa. Hakuona njia ya tatu. Alimaliza chai yake, akaitoa baiskeli stoo, akaitia kwenye pikapu ya jirani, akashuka nayo mjini.

Fundi aitwaye Nasir alikuwa na kibanda Bondeni, chini ya mti wa mjakaranda, na ndiye aliyejulikana Nakuru nzima kwa baiskeli za mbio, ambazo mafundi wengine walizikwepa kwa sababu zilihitaji spana za ajabu. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye kofia ya kufuma na mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Kwenye benchi alikaa mwendesha boda boda, Maxwel, akingoja pancha yake izibwe.

"Hii ni mashine, mzee," Nasir alisema. "Unauza?"

"Siuzi. Inalia. Nataka kujua inalia wapi."

"Inalia njaa," Maxwel akaingilia. "Mzee, tia petroli hiyo kitu."

"Wewe nyamaza, yako haijawahi kuacha kulia tangu ununue." Nasir aliinama, akaigonga ekseli ya kati, panapokutana pedali mbili. "Itakuwa hapa. Watu kumi wakileta baiskeli inalia, tisa wanasema ni hapa."

"Na kwa hao kumi, ni wangapi huwa ni hapo kweli?"

Nasir alimtazama upya. "Wawili. Wakizidi sana, watatu."

"Basi tusianzie hapo."

"Wewe ni mwalimu," Nasir alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa.

Aliitundika baiskeli kwa kamba kwenye tawi, akazungusha pedali kwa mkono. Mnyororo ulipita kwa mvumo laini. Hakuna kilicholia. Alizungusha kwa nguvu zaidi, akabadilisha gia, akavuta magurudumu kulia na kushoto. Kimya.

"Haina mzigo," Kibii alisema.

"Hata mimi nisipobeba mzigo silii," Maxwel akasema.

Kibii alitaja kilichomleta. Alisema anataka fremu ikaguliwe kwanza, kila kiungio, kama kuna ufa. Hakueleza kwa nini, lakini Nasir alikuwa ameshaziona alama za lami kwenye usukani, na hakuuliza. Alichukua tochi na kipande cha kitambaa cha shashi, akaipitisha shashi ile taratibu juu ya kila bomba na chini ya kila kiungio, kwa sababu ufa usioonekana kwa jicho hukamata uzi. Kazi hiyo ilichukua karibu nusu saa. Alitazama foki, ile uma inayoshika gurudumu la mbele. Alitazama shingo ya usukani. Shashi haikukamata popote.

"Fremu ni nzima," alisema. "Foki ni nzima. Hapa hakuna kitu cha kukatika, mzee. Wallahi."

Kibii aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amedhani kwamba akisikia maneno hayo kitu fulani ndani yake kitalegea. Alingoja kidogo, kama anavyongoja mtu simu ipate mtandao. Hakikulegea kitu. Mtaa wa pili msumeno wa seremala uliwashwa, ukazimwa.

"Lakini inalia," alisema.

"Inalia ikipandwa. Sasa panda wewe, mimi nisikilize. Mambo ni haya: kwanza kanyaga ukiwa umekaa. Halafu simama kwa pedali, kanyaga ukiwa umesimama. Ikinyamaza ukisimama, ugonjwa uko kwa kiti. Isiponyamaza, uko chini."

Ilikuwa njia sahihi. Kibii mwenyewe angeibuni katika dakika tano, mwezi wa pili, kama angeinua macho.

Walikwenda kwenye barabara iliyonyooka nyuma ya maghala ya nafaka, ambayo Jumamosi haikuwa na magari. Kiti hakikuhitaji kushushwa. Yeye na Jepchumba walikuwa na urefu mmoja, jambo ambalo jamaa walikuwa wakilisema kwenye kila sherehe. Nasir alimshikilia, akamsukuma, akaanza kutembea nyuma yake.

Sauti ilianza kwenye mzunguko wa pili. Ilikuwa ndogo kuliko alivyoikadiria: *kri*, kavu, mara moja kila mguu wa kulia uliposhuka. Alisimama juu ya pedali. Ikatoweka. Alikaa. Ikarudi. Alisimama tena, akakaa tena, na majibu yakawa yale yale. Jaribio lilikuwa limekamilika, na mtu mwingine angegeuza baiskeli. Kibii alitaka kujua kama ni kiti chenyewe au ni bomba linalokishika. *Kri.* Ilikuwa karibu sana, mahali fulani nyuma ya goti. *Kri.* Alipunguza kasi kidogo, akainama, akapeleka jicho chini kati ya mkono na paja. *Kri.* Aliona chuma, aliona bolti, aliona—

"Mzee! Mbele! Mwalimu, mbele!"

Alifunga breki zote mbili. Gurudumu la mbele lilisimama shubiri moja kutoka kwenye mkokoteni wa kabichi, uliokuwa umeegeshwa pale tangu alipoanza, katika barabara nyeupe, mchana kweupe.

"Mzee, macho umeacha kwa nyumba?" mwenye mkokoteni aliuliza. Alikuwa amekaa juu ya kabichi zake akila muhindi, na hakuona sababu ya kuacha.

"Samahani," Kibii alisema.

Alibaki pale, mguu mmoja chini. Mizunguko minne, alikuwa ameinamisha kichwa kwa mizunguko minne, kama sekunde tatu. Kwa mwendo wake hilo halikuwa jambo. Kwenye mteremko, kwa mwendo wa msichana wa miaka ishirini na miwili anayekanyaga vizuri, sekunde tatu ni mita thelathini na kitu. Matawi yalikuwa yamewekwa hatua thelathini kabla ya lori. Alikuwa amezipima hatua hizo mwenyewe, siku ya tatu baada ya mazishi, bila kujua anapima nini. Alirudia hesabu ile kwa njia nyingine. Ikatoa jibu lile lile.

Kibandani, Nasir alifungua bolti ya kiti, akachomoa bomba lake kutoka kwenye fremu. Lilitoka na utando mzito wa kijivu, kama uji wa majivu. Alichukua kidogo kwa kidole, akausugua, akaunusa.

"Hii si grisi." Alimsogezea Kibii kidole. "Nusa."

Kibii hakuhitaji kukisogelea. Aliijua harufu hiyo tangu akiwa mtoto wa kufunga ndama.

"Mafuta ya kukamulia," alisema.

"Ndiyo hayo, mafuta ya kukamulia! Watu wa ng'ombe, jameni. Mnapaka hii kitu kwa chuchu ya ng'ombe, mnapaka kwa midomo, mnapaka kwa bawaba, mnapaka kwa viatu vya kanisa. Kuna mteja wangu wa Njoro alipaka kwa breki." Nasir alifuta bomba kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. "Kwa mlango ni sawa, mlango hauendi popote. Hii imetembea na vumbi yote ya hii Rift, vumbi imeshika, imekuwa msasa. Ukikaa inasugua, inalia. Nani alikupakia?"

"Binti yangu. Nilimwambia apake mafuta."

"Ulimwambia mafuta gani?"

"Sikumwambia."

Nasir aliendelea kufuta. Pancha ya Maxwel ilikuwa tayari, lakini alibaki.

"Inaweza kumwangusha mtu?" Kibii aliuliza.

"Kiti kulia? Hapana. Na hii ungeenda Kisumu na urudi. Inasumbua masikio tu."

Alipaka grisi ya kweli, nyembamba, akarudisha bomba hadi kwenye alama iliyokwaruzwa, akakaza. Kibii aliipanda tena. Alikwenda hadi mwisho wa maghala na kurudi, ameinua uso, na baiskeli haikutoa sauti yoyote. Kazi yote, tangu kufungua bolti hadi kuikaza, ilikuwa imechukua dakika kumi.

Jerotich alikuwa zizini alipofika nyumbani. Ilikuwa saa kumi jioni, saa ya kukamua, na alikuwa ameshaosha kiwele cha yule ng'ombe mwekundu asiyetulia. Kibii alisimama mlangoni.

"Ilikuwa kiti," alisema.

Mikono ya Jerotich haikusimama. "Kiti kinaangusha mtu?"

"Hakiangushi."

Angeweza kuishia hapo. Maneno yote mawili yalikuwa kweli na angeweza kuyatetea mbele ya baraza lolote. Lakini kwa miaka thelathini alikuwa amewapa alama mbili kati ya tano wanafunzi walioandika jibu sahihi bila kuonyesha hatua, akakataa rufaa zao zote, na hakuona ni kwa msingi gani angejipa zaidi.

"Nilipoipanda, niliinama kuitafuta hiyo sauti," alisema. "Sikujua kwamba nimeinama. Kulikuwa na mkokoteni mbele, sikuuona. Yule mama wa karoti alisema kweli."

Maziwa yalipiga ndoo mara kadhaa.

"Na wewe uligonga?"

"Fundi aliniita."

"Yeye, wenzake walikuwa nyuma," Jerotich alisema.

"Ndiyo."

"Mbona haikunyamaza alipopaka mafuta? Si ulimwambia apake?"

Kibii alitazama kopo lililokuwa karibu na mguu wake, kopo jeupe la mafuta ya kukamulia, kifuniko kimewekwa kando. Hakunyoosha kidole. Jerotich alifuata macho yake. Mwezi wa pili alikuwa amelalamika kwamba kopo jipya limefika nusu kwa wiki moja, na alimshuku mfanyakazi wao, Kipyegon, hata akamwambia jambo ambalo Kipyegon hakulisahau.

Kisha, kwa kuwa ng'ombe alikuwa anangoja, alichovya vidole viwili, akapaka chuchu ya nyuma, akaendelea.

"Nilidhani ni Kipyegon," alisema.

Ng'ombe alirusha mkia, ukampiga shavuni. Jerotich alifumba macho, akayafumbua. Shavu lilikuwa na matope na hakulifuta, mikono ilikuwa na kazi.

"Baba Jepchumba," alisema, "shika huo mkia."

Kibii aliingia zizini, akaushika.