Kahawa ya Tatu kwa Wakulima wa Hoho

Nebojša, mwenzetu wa kiwandani, alirudi kutoka kozi ya siku nne Belgrade na cheti, kalamu yenye taa nyekundu, na imani kwamba sisi wengine hatujui kuongea na watu. Kozi ilihusu namna ya kufanya mikutano imfae msikilizaji. Alitueleza hayo kwa saa moja na nusu, huku nusu yetu tukisinzia.

Mimi ni Vidosava, msimamizi wa mapokezi ya mazao katika kiwanda cha ajvar, ile rojo ya hoho za kuchoma, nje kidogo ya mji wa Leskovac. Septemba wakulima huleta hoho nyekundu kwa trekta, mimi napima, wanawake thelathini na mmoja wanachoma, wanamenya na kusaga. Mwaka huo wakulima walikuwa hawajasaini mkataba wa kutuuzia. Kiwanda cha ng'ambo ya mto kilikuwa kinawachombeza, na mkurugenzi wetu, Branislav, alikwisha kutuambia waziwazi: wasiposaini kabla Agosti haijaisha, tanuri haziwashwi, kila mtu arudi kwake. Akawaita mkutanoni, na usemaji akamkabidhi mwenye cheti.

Walikuja kumi na tisa, wamevaa mashati ya harusini. Mbele aliketi mzee Stanimir. Akisaini yeye wenzake husaini, akiondoka nao huondoka. Mimi nilikaa nyuma karibu na mlango, nikijua walichokuja kuuliza, maana kila mmoja alikuwa ameshaniuliza sokoni: mwaka huu tutasimama langoni muda gani? Mwaka uliopita walisimama masaa tisa juani, hoho zikanyauka, nami nikaziandika daraja la pili. Sijajisamehe hilo.

Slaidi ya kwanza ilikuwa picha ya machweo. Ya pili ilikuwa mlima. Ya tatu ilitutaarifu kwamba slaidi zitakuwa sitini na mbili.

Kwenye ya nane mzee Stanimir akanyoosha mkono. "Mwanangu, nina swali dogo."

"Maswali mwishoni, mzee wangu. Tusikate mtiririko."

"Na mwisho uko wapi?"

"Tutafika tu."

Sasa, kule kozini walimfundisha kwamba msikilizaji aliyechoka huamshwa kwa kitu cha moto kila baada ya dakika ishirini. Kwa hiyo akamwandikia Gordana, katibu muhtasi, ratiba: kahawa saa tatu, saa tatu na ishirini, saa tatu na arobaini. Kwetu kahawa ya kwanza ni ya kumkaribisha mgeni. Ya pili ni ya mazungumzo. Ya tatu ni ya kumwambia kwamba njia ya kwao anaijua. Hata mtoto anayetambaa analijua hilo, na Nebojša amezaliwa mtaa wa pili kutoka kwangu. Bibi yake mwenyewe alishawahi kunitoa kwake kwa kikombe hicho. Lakini msomi akishaandika ratiba, hata bibi yake anafutika.

Saa tatu na arobaini Gordana alisimama mlangoni na sinia, akanitazama. Nikamtikisia kichwa asiingie. Akaitazama karatasi, akamtazama Nebojša, naye Nebojša akamwita kwa ile taa nyekundu. Vikombe vikagawiwa.

Mzee Stanimir alikitazama chake kwa muda. Kisha akasimama, akanywa kahawa yake wima, akaweka kikombe chini.

"Haya, tumeelewa," alisema. "Asanteni kwa kutupokea."

Viti kumi na tisa vikasukumwa nyuma. Nebojša alikuwa kwenye slaidi iliyoandikwa "Mkulima ndiye moyo wetu," akaisoma mpaka mwisho kwa migongo ya mashati. Alidhani wanaenda kujisaidia, wote kwa pamoja.

Nikatoka mbio. Niliwakuta uani wakipanda trekta zao.

"Mzee Stanimir, subiri."

"Dada, tumeshafukuzwa kistaarabu. Ya nini kutufuata tena?"

"Ile kahawa haikuwa ya kufukuza. Ilikuwa ya kozi."

"Kozi gani inafundisha mambo hayo?"

"Ya Belgrade."

"Aa," alisema, na nikaona hasira imepungua kidogo.

"Niulize lile swali lako."

"Unalijua. Masaa mangapi?"

"Kwa mzani mmoja, tisa tena. Mzani wa pili tunao. Uko stoo tangu Machi, umefunikwa nailoni, na una kasi mara tatu ya huu. Ukifungwa, masaa mawili."

"Sasa mbona haujafungwa?"

"Unasubiri mkutano."

Branislav alitokea akihema. Mzee Stanimir hakumpa nafasi ya kuvuta pumzi. "Mkurugenzi, mzani unafungwa au haufungwi?"

"Tutaliangalia suala hilo katika kikao cha—"

Trekta ya kwanza ikawashwa.

"Unafungwa," alisema Branislav. "Kesho. Na mizani yote miwili ataishika Vidosava."

Mzee akanigeukia. "Masaa mawili, dada?"

"Mawili," nikasema, na nilikuwa namaanisha.

Walisaini juu ya boneti ya trekta. Mkutano mzima ulichukua dakika nne, bila machweo. Nebojša aliandika kwenye ripoti kwamba ratiba ya kahawa imeleta matunda, akapandishwa cheo.

Mzani ulifungwa kweli, na tanuri zikawekwa kuni. Jumatatu ya kwanza ya Septemba, saa mbili asubuhi, Branislav akatuita wasimamizi wote ukumbini. Ajenda: kupunguza foleni langoni. Nikamwambia trekta ziko njiani na mizani haina mtu mwingine wa kuishika. Akasema ndiyo maana lazima tukutane mapema.

Ningeweza kukataa. Sikukataa. Miaka ishirini na miwili nimezoea kwamba bosi akiita unakwenda, nikakaa kwenye kiti kama kuku aliyenyeshewa. Nebojša alikuwa na slaidi arobaini na nne na mchoro wa mishale ya kijani. Dirishani niliona foleni imefika kanisani, kisha ikapita kanisa. Nilinyoosha mkono mara mbili. Masaa matatu baadaye tulipiga makofi, nikashuka ngazi nikikimbia, na trekta mbili za mwisho zilikuwa zimeshageuza kuelekea kile kiwanda cha ng'ambo ya mto.

Mzee Stanimir alikuwa wa kwanza langoni, tangu alfajiri. Hoho zake za juu zilikuwa zimelegea. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu yeyote, na nilitamani anitukane. Hakunitukana. Alishuka polepole, akavua kofia, akajifuta jasho.

"Mkutano ulihusu nini, dada?"

"Foleni," nikasema.

Akageuka kuangalia trekta zilizokuwa nyuma yake, mpaka ile ya mwisho.

"Mngetuuliza sisi," alisema. "Tulikuwa ndani yake."