Kalia Mikono Yako

Mwaka wa 2008 nilihamia Bungoma nikiwa kidato cha tatu, na begi moja na sare ya shule nyingine. Kwetu ni upande wa Endebess, nje ya Kitale, ambako babu alinunua shamba kabla baba hajaoa. Nyumba yetu ilichomwa mwezi wa kwanza, zile vurugu za baada ya uchaguzi zilipotufikia. Kaka yangu Ngige alirudi kuwafungulia ng'ombe zizi, hakutoka tena. Tulikaa kambini kwa muda, halafu baba na mama wakapanga chumba kimoja Kipsongo, mtaa wa Kitale, na mimi nikachukuliwa na Edinah, rafiki ya mama wa tangu zamani kanisani, ambaye alikuwa karani wa ofisi ya kilimo Bungoma.

Nayasema kwa ufupi kwa sababu hivyo ndivyo nilivyomwambia kila aliyeniuliza. Sikulia. Auntie Edinah aliwaambia majirani kwamba mimi ni msichana jasiri. Haukuwa ujasiri. Ukikalia mguu muda mrefu unakufa ganzi. Unauona, unajua ni wako, lakini ukiugusa ni kama umegusa mguu wa mtu mwingine. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima.

Hesabu peke yake haikunidai chochote. Nilikaa dawati la nyuma nikazifanya zote, na Mwalimu Wekoye, aliyetufundisha, akanitambua. Alikuwa na darasa la wanafunzi wengi na nusu yao walikuwa wamekata tamaa, kwa hiyo alianzisha mpango wa wanafunzi kufundishana baada ya vipindi. Sisi wa kufundisha alituita walimu rika. Wenzetu walituita walimu wa bure.

"Wacera, nawe utakuwa mmoja," aliniambia.

"Sawa, mwalimu," nikasema. Wakati ule nilisema sawa kwa kila kitu.

Jumamosi moja asubuhi alituita shuleni kutufunza kufundisha. Alitupa karatasi, akatutaka tufundishane kukunja bahasha, wawili wawili. Mwenye kufundisha hakuruhusiwa kuigusa karatasi. Mimi nilipewa Lenah, msichana wa darasa letu aliyependa kucheka. Nilimwambia akunje pembe, akakunja nyingine. Nikamwambia siyo hiyo, akageuza karatasi nzima. Mkono wangu ukaenda wenyewe, nikaichukua, nikakunja.

Mwalimu Wekoye alikuwa amesimama nyuma yangu. "Bahasha ni ya nani hiyo?"

"Ya Lenah."

"Imekunjwa na nani?"

Nikairudisha karatasi mbele ya Lenah.

"Kalia mikono yako," akasema. Alimaanisha hivyo hivyo. Niliiweka mikono chini ya mapaja, nikaanza tena kwa maneno matupu. Bahasha ya Lenah ilitoka kama sambusa iliyopasuka, lakini ilikuwa yake.

Kabla hatujaondoka alituonya jambo moja zaidi. "Usimuulize mtu kama ameelewa. Atakwambia ndiyo ili umwache aende nyumbani. Muulize kitu kidogo anachoweza kujibu, halafu ngoja. Kungoja ndiyo kazi yenyewe."

Mwanafunzi wangu aliitwa Hesbon. Alikuwa mkubwa kuliko sisi wote, kwa sababu aliwahi kuacha shule akaendesha baiskeli ya boda boda, na bado aliendesha kila Jumamosi. Kwao ni Bokoli, huko huko Bungoma. Aliongea sana, na l na r zilibadilishana mdomoni mwake bila yeye kujali. Siku ya kwanza alinisalimu, "Mwarimu, niaje," akavuta kiti, akaweka miguu mirefu chini ya dawati langu.

Nilimpa swali: tatu x kujumlisha tano ni sawa na ishirini. Akaandika nane x ni sawa na ishirini, kisha akatulia, ameridhika.

"Siyo hivyo," nikasema. Nikachukua kalamu yake, nikaonyesha mstari kwa mstari mpaka jibu. "Umeelewa?"

"Nimeerewa kabisa."

Nikampa lingine la namna hiyo hiyo. Akajumlisha vile vile. Tuliendelea hivyo wiki nzima, mimi nikifanya, yeye akielewa kabisa. Mwalimu mwingine angekasirika. Mimi sikuwa na hasira wala huruma. Nilikuwa nangoja saa ya kwenda nyumbani kwa Auntie Edinah, ambako pia hapakuwa na kitu nilichokuwa nakingojea.

Jumatatu iliyofuata nilikalia mikono yangu. Sikufanya hivyo kwa sababu nilimjali Hesbon. Nilichoka tu kushika kalamu.

"Hiyo nane x umeitoa wapi?" nikauliza.

Akanitazama. Nikangoja. Alitazama dirishani, akakuna shingo, akatazama karatasi. Mtu mwingine angeona haya akamsaidia. Lakini ule ukimya haukuniuma, na nadhani hiyo ndiyo sababu niliweza kuuvumilia.

"Si ni tatu na tano," akasema hatimaye. "Tatu na tano ni nane. Halafu x iko hapo, nikabeba."

Kwa wiki nzima sikuwa nimejua kwamba ndivyo anavyoona. Nikafikiri kidogo.

"Mama yako ana vikapu vitatu vya nyanya," nikasema. "Vimefunikwa, hujui kila kimoja kina nyanya ngapi. Kando kuna nyanya tano, chini. Ako na vikapu vinane?"

"Ai, hapana. Ako na vikapu tatu na nyanya tano."

"Sasa angalia hapa tena."

Aliangalia. Akaandika polepole, akafuta, akaandika. Akaondoa zile tano pande zote mbili, akagawanya, akapata x ni tano. Akaniinulia uso. Mimi nikamtazama tu.

"Sasa nimepata ama nimekosa?"

"Umepata."

"Basi sema, bana. Uso yako ni kama ukuta. Mtu anatupa mpira hapo hajui kama imeingia."

Hakusema kwa ubaya. Akaongeza, taratibu zaidi, "Nilikuwa nafikiri unanichukia."

"Sikuchukii."

"Si ungeonyesha."

Nilirudi nyumbani nikiwaza neno hilo. Nilijiangalia kwenye kioo cha Auntie Edinah pale sebuleni, nikajaribu kutikisa kichwa kama mtu anayekubali. Nilionekana kama mtu anayeigiza. Hata hivyo siku iliyofuata Hesbon alipopata hatua moja nilitikisa kichwa, nikasema, "Ndiyo, endelea." Akaendelea. Nilifanya hivyo kila siku. Ilikuwa kama kuvaa sweta ya mtu mwingine, inakukaa vibaya, lakini baridi inapungua kwa aliye karibu nawe. Ajabu ni kwamba haikumsumbua Hesbon kama nilihisi au sikuhisi. Alihitaji kujua tu kwamba amefika, na pale nilimwambia kweli.

Siku moja aliniuliza bila kuinua macho kutoka kwa karatasi. "Ati ulitoka Kitale?"

"Ndiyo."

"Mlichomewa?"

"Ndiyo. Kaka yangu alikufa."

Kalamu ilisimama. "Pole, Wacera." Hakuuliza jina lake, hakuniambia Mungu ana mipango yake. Akasogeza karatasi katikati yetu, akasema, "Hii namba sita, x iko pande zote mbili. Naanzia wapi?"

"Wewe ungeanzia wapi?"

"Wee, hiyo ni jibu ya mwarimu kweri."

Mwisho wa muhula Hesbon, aliyekuwa akipata alama chini ya ishirini, alipata arobaini na moja. Alitoka darasani na karatasi juu ya kichwa, akazunguka uwanja mzima, Lenah na wengine wakimpigia makofi. Alikuja kusimama mbele yangu akihema. Nilijua kwamba huu ndio wakati wa kufurahi. Niliitafuta furaha mahali inapokaa nikakuta pako kimya.

"Umepata," nikamwambia, nikatikisa kichwa.

"Tumepata," akasema.

Likizo ya Agosti nilienda Kitale. Baba, Mzee Mbugua kama majirani wa Kipsongo walivyomwita, alikuwa akipakia magunia ya mahindi kwa kibarua, anarudi jioni hana maneno. Mama aliuza mboga mlangoni. Alikuwa amepungua, na kila mtu aliyepita alimuuliza kwa upole kama yuko sawa. Mchungaji aliuliza. Mama Muturi wa chumba cha pili aliuliza. Kila mara mama alijibu, "Niko sawa, namshukuru Mungu," nao wakaenda zao wameridhika. Nilikaa kando yake siku mbili nikisikia swali hilo na jibu hilo, na siku ya tatu nikatambua nilikolisikia. Ni lile lile la Hesbon. Nimeelewa kabisa.

Mchana ule tulikuwa tunakata sukuma wiki, sinia katikati yetu. Tangu tutoke kambini hakuna aliyekuwa ametaja jina la Ngige ndani ya chumba kile. Nilimuuliza kwa Kikuyu, "Mama, asubuhi ile Ngige alikula nini?"

Kisu chake kilisimama. Nikangoja. Mtu alipita akanunua fungu la mboga, mama akamfungia, akarudi kuketi. Bado nikangoja.

"Viazi vya jana," akasema. "Alikataa kuvipasha moto. Nilimwambia atakula baridi kama mbwa, akasema mbwa hawapewi chumvi." Alicheka kidogo puani. "Chai akakataa, ati ni ya rangi. Nilimwambia maziwa tutakamua jioni."

Halafu akalia. Alilia akiwa ameshika jani la sukuma, bila kufunika uso, na maneno yakaendelea kutoka katikati ya kilio: jinsi alivyomwita arudi, jinsi alivyodhani amemsikia akijibu, viatu alivyoacha nje. Sikumwambia nyamaza. Nilitikisa kichwa kila alipomaliza jambo moja, naye akaendelea na lingine.

Alipotulia alijipangusa kwa leso, akanitazama muda. "Na wewe?"

"Sijui, mama. Sisikii kitu."

Hakunishawishi. Aliweka kisu chini, akangoja, kama anavyongoja uji uchemke. Nilitaka kumpa kitu. Nilijaribu. Hakikuja, na baadaye kidogo akanisogezea nusu ya mboga zilizobaki, tukakata mpaka zikaisha.

Mimi kulia kulinijia mwaka uliofuata, nikiwa kidato cha nne, jikoni kwa Auntie Edinah, siku ya kawaida, nikichambua mchele. Auntie alizima jiko, akaketi.

Hesbon alimaliza shule, akapata D ya kujumlisha katika hesabu, akaitangaza Bokoli nzima kana kwamba ni A. Kabla ya hayo yote, muhula wa tatu wa ule mwaka wa 2008, Mwalimu Wekoye alinipa mwanafunzi wa pili, msichana wa kidato cha kwanza aliyeitwa Jerop. Familia yake ilikuwa imeshuka kutoka upande wa Kapsokwony kwa sababu ya mapigano ya Mlima Elgon. Aliketi mbele yangu akatazama dawati. Nilimuuliza ni swali gani lililompita darasani. Nikakalia mikono yangu, nikangoja. Kulikuwa na mvua juu ya mabati na hatukuwa na haraka.