Kisiwa cha Kalenda ya Duka la Dawa

Jana usiku umeme ulikatika, nikalala mapema, nikaota nimekaa kwenye basi la watalii, kiti cha dirishani, nimevaa suti yangu ya harusi na kandambili.

Sikushangaa. Nilichofikiria ni kwamba suti bado inanitosha.

Basi lilikuwa limejaa Wazungu wenye kofia, wote wametazama kushoto. Mbele, pale anaposimama kondakta, alisimama mwavuli wa njano. Hakushikwa na mtu. Alijifungua, akajifunga, akakohoa.

"Habari za asubuhi," akasema. "Mimi ndiye mwongoza watalii wenu wa leo. Karibuni kisiwa cha..."

Hapo jina likatoboka. Sijui niseme vipi. Neno lilikuwa na tundu katikati, na kupitia tundu hilo niliona ukuta wa sebule yangu. Ndipo nikajua niko wapi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, naitwa Kasiani Mbena, naishi Mahenge. Zamani, binti yetu Tekla akiwa bado anatambaa, duka la dawa la sokoni lilitupa kalenda yenye picha ya kisiwa cha Bahari ya Mediterania. Nyumba nyeupe zimepandana mlimani kama vikombe kabatini, milango ya buluu, bahari chini. Mke wangu, Mama Tekla, aliigongomea mwenyewe ukutani, juu ya redio, na msumari ukapita katikati ya jina la kisiwa. Mwaka ulipokwisha tulikata tarehe, tukabakiza picha.

Jioni, tukisubiri maharage yaive, tulikuwa tukigawana nyumba. Mama Tekla alichukua ile yenye mtungi mlangoni. Mimi nilipewa ya jirani, kwa sababu alisema nakoroma. Tekla alipokua akaomba kanisa. Tukamwambia kanisa haligawiwi, akalia, tukampa.

Mama Tekla alifariki mwaka juzi, msimu wa kuvuna mpunga. Tekla yuko Dodoma na familia yake. Picha iko palepale, ila imepauka mpaka bahari imekuwa rangi ya chai ya maziwa.

Kwenye ndoto bahari ilikuwa buluu.

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Samahani, kwa nini mwongoza watalii awe mwavuli?"

"Mwalimu, unaniuliza mimi?" akasema mwavuli. "Si wewe uliyefundisha kwamba huku kiangazi hakuna mvua? Miezi yote hiyo nifanye nini? Nina watoto."

"Ndivyo mtaala ulivyosema."

"Najua. Wanafunzi wako waliandika hivyo kwenye mtihani, wakafaulu. Mimi nikakosa kazi."

Nikamwomba radhi. Akasema yamekwisha, akaendelea.

"Kanuni za safari ni chache. Ya kwanza, bahari itakuwa upande wenu wa kushoto."

Basi linakata kona. Bahari inanyanyuka taratibu, inapita juu ya paa la basi, inadondosha samaki wachache barabarani, inakaa tena kushoto. Hakuna anayelalamika. Mama mmoja wa Kizungu anafuta miwani.

"Ya pili, chakula cha mchana kimejumuishwa."

Pweza aliyekaa kando yangu ananiinamia. "Ni mimi," anasema. "Nimejumuishwa." Amefunga mkanda, na mikono yake yote ameikunja mapajani kama mtu aliye kanisani.

"Umetoka mbali?" nikamuuliza, ili tusikae kimya.

"Chini hapa tu. Wewe?"

"Mahenge."

"Kuna bahari huko?"

"Hakuna."

"Mnaishije?"

"Tunalima mpunga."

Akalifikiria jambo hilo kwa muda mrefu. Nilimwona ni mtu mwema.

"Ya tatu," akasema mwavuli, "hakuna kuchukua chochote isipokuwa picha."

Bwana mmoja aliyekuwa mbele yetu akainua kamera, akapiga. Kanisa likatoweka mlimani. Akalikunja, akalitia mfukoni.

"Lirudishe, bwana," akasema mwavuli kwa sauti ya kuchoka. "Kuna misa saa hizi."

Bwana yule akalirudisha, lakini likakaa upande kidogo. Mlango wake ulikuwa umeandikwa kwa chaki, TEKLA, kwa mwandiko wa mtoto wa darasa la kwanza.

Basi likasimama. Mwavuli akapita kwenye viti akigawa muda huru, wa kila mtu kutembea apendavyo. Ulikuwa umefungwa kwenye karatasi, kama karanga, na bado una joto. "Msiumalize wote sehemu moja," akatuonya. Nikautia mfuko wa koti, nikashuka, nikaanza kupanda ngazi.

Sikuuliza njia. Kichochoro cha kwanza nilikijua, mzeituni uliopinda niliujua, ukuta wenye maua ya zambarau niliujua. Nilikuwa nimetembea hapo kwa kidole miaka mingi.

Mama Tekla amekaa mlangoni kando ya mtungi, anapepeta mchele kwenye ungo. Amevaa kitenge chake cha kijani. Hanyanyui kichwa.

"Karibu, Baba Tekla. Umechelewa."

"Basi lilikuwa linahamisha bahari."

"Kila siku wanaihamisha. Sakafu haikauki." Akanitazama juu mpaka chini. "Suti na kandambili."

"Sikujua kama nakuja."

"Hata hivyo."

Nikakaa kwenye kizingiti. Nikaanza kumsaidia kuokota mawe kwenye mchele. Mikono yetu ilikuwa ikigongana kwenye ungo. Sisi tuliwahi kukaa hivyo maelfu ya jioni, na katika jioni zote hizo sikumbuki kama niliwahi kufikiri kwamba kuna kitu ninachofanya.

"Magoti yanasemaje?" nikauliza hatimaye.

"Yamepona. Ngazi hizi zote napanda na ndoo kichwani."

"Na nyumba yangu?"

Akanionyesha kwa kidevu. Ndani ya nyumba ya jirani mbuzi mweupe alikuwa amelala kitandani, amejifunika shuka.

"Nimemkaribisha akulindie," akasema Mama Tekla. "Anakoroma kuliko wewe. Sikuwa na namna nyingine ya kupata usingizi. Nilikuwa nimezoea kelele."

Akaniingiza ndani. Kulikuwa na meza, viti viwili, na dirisha moja. Nilipochungulia dirishani sikuona bahari. Niliona sebule yetu ya Mahenge kutokea juu kidogo ya redio. Pale alikuwepo mzee mmoja, amesimama karibu na kabati, anakula ugali huku sahani ameishika mkononi. Mabega yake yamelegea. Nilichukua muda kumtambua.

"Kila jioni nakuona," akasema Mama Tekla. "Kwa nini unakula umesimama, kama mtu anayesubiri basi?"

"Nikikaa naona kiti chako."

Alikung'uta ungo, ambao tayari ulikuwa mtupu.

"Basi kalia changu," akasema. "Utakiona changu ukiwa wapi? Utaona chako, na chako hakina neno."

Ilikuwa akili ya Mama Tekla hasa. Nilifundisha zaidi ya miaka thelathini, sikuwahi kumshinda kwa hoja.

"Nibaki," nikamwambia. "Mbuzi arudi malishoni."

"Umekuja kwa safari ya siku moja."

"Nitaongea na mwavuli. Tumeshaelewana."

"Na kuku wako nani atawafungulia asubuhi?"

Nikasema kuku si hoja. Akasema kuku ni hoja. Nikaingiza mkono mfukoni kuangalia muda huru, nikakuta umebaki vumbi tu chini ya karatasi.

Huko chini honi ikalia. Mama Tekla akajifunga kanga kiunoni juu ya kitenge, akafunga mlango wa buluu, akaniambia nimpe mkono nisije nikateleza na kandambili zangu. "Kurudi bandarini ni kwa boti," akasema. "Inazunguka nyuma ya mlima. Nakusindikiza. Huko sijawahi kufika."

"Umekaa hapa mwaka wa pili sasa, hujafika nyuma ya mlima?"

"Sisi wa hapa tunakaa palipochapwa. Huko mpaka uende na mgeni. Nilikuwa nakusubiri."

Boti ilikuwa ndogo, ya mbao, na Wazungu wote walitosha. Mwavuli akasimama kwenye omo, mbele kabisa ya boti. "Chakula cha mchana," akatangaza, na watu wote wakamgeukia pweza.

Pweza akaanza kujifungua mkanda. Akaukunja vizuri, akauweka kando.

"Kaa, baba," Mama Tekla akamwambia pweza. "Utakula na sisi." Akafungua kitambaa, akatoa mkate, jibini na zeituni, akamwekea mbele yake kwanza. Pweza alikula zeituni kwa mikono yote. Baadaye alisema amejumuishwa mara nyingi, lakini hajawahi kujumuishwa namna hii. Wazungu wakala mkate, hakuna aliyenung'unika.

Kisha boti ikafika pembeni mwa picha. Kulikuwa na ukanda mweupe juu ya maji, upana wa kidole. Tuliupita kwa mtikisiko mdogo, kama gari linapovuka tuta, na hapo Mama Tekla akaegemeza kichwa chake begani kwangu, akalala.

Nilijua atalala. Mke wangu hakuwahi kumaliza safari akiwa macho. Tulipokwenda Morogoro kwenye kipaimara cha Tekla, safari nzima alikuwa akisema kitu kimoja tu, kwamba tukipita Mikumi ataona tembo, maana hajawahi kuwaona. Alilala kabla hatujaingia mbugani. Tembo walikuwepo, mama na mtoto, karibu na barabara kiasi cha kuwarushia ndizi. Nilimtazama alivyochoka kwa kuamka alfajiri kufunga mizigo, nikamwacha. Alipoamka tulikuwa stendi. "Ungeniamsha," akasema. Neno hilo aliwasimulia wageni miaka yote, akicheka, na mimi nikicheka. Siku za mwisho hospitalini alilisema tena, hakucheka. Alilisema kwa upole tu. "Ile siku ungeniamsha."

Sasa kichwa chake kiko begani kwangu. Nywele zake zinanukia mafuta ya nyonyo aliyokuwa akiyachemsha mwenyewe uani. Anapumua kwa mdomo, kidogo kidogo. Bega linaanza kufa ganzi, na mimi sitaki liache.

Mwavuli akaja taratibu, akainama sikioni kwangu.

"Kuna kanuni ya mwisho," akasema. "Kwenye boti hii anaamka mtu mmoja. Ukimwamsha yeye, muda si mrefu anayeamka ni wewe, kwako Mahenge."

"Na nisipomwamsha?"

"Mtafika bandarini bado amelala. Utakuwa umekaa naye mpaka mwisho wa safari. Wengi wanachagua hivyo. Mimi siwalaumu."

"Bandari iko mbali?"

"Kwa boti hii, mbali sana."

Boti inapinda rasi. Wimbi moja linapita chini yetu, kichwa cha Mama Tekla kinateleza kidogo, nakirudisha mahali pake. Nikaona ningeweza kukaa hivyo. Mzee kukaa na mkewe amelala begani, hiyo si dhambi, na hakuna mtu angeniuliza.

Kisha nyuma ya mlima pakafunguka.

Hakukuwa na nyumba nyeupe. Mlima mzima, kutoka kileleni mpaka majini, ulikuwa miti, ngazi kwa ngazi, imezaa kitu cha njano, na jua la jioni lilikuwa limelala juu yake. Matunda yaliyoiva yalikuwa yakidondoka yenyewe, yanabingirika kutoka ngazi hii hadi ile, yanaingia baharini, na bahari yote mbele yetu ilikuwa imejaa, yanaelea. Wanawake wamesimama kwenye maji ya magoti, wanayachota kwa vikapu na kuitana. Pweza alivua kofia ambayo sikujua kama anayo.

Nikamtazama pweza. Pweza akatazama pembeni, kwa adabu.

Nikamgusa Mama Tekla shavuni.

"Mama Tekla," nikamwambia. "Amka. Amka uone."

Akafungua macho. Kwanza alinitazama mimi, kama anayetaka kujua tumefika wapi. Kisha akageuka. Aliangalia kwa muda mrefu, mdomo umeachama kidogo, na mwanga wa njano ulikuwa usoni mwake wote.

"Kumbe ni malimau," akasema.

Akanishika mkono, akaubana.

Niliamka kumekucha. Kuku walikuwa wakipiga kelele bandani. Nilikaa kitandani kidogo nikisikiliza, kisha nikanyoosha mkono wa kulia ili nisimame, na mkono haukutii. Bega lilikuwa limekufa ganzi.

Nikavua fulana niliyolalia, nikaipeleka dirishani penye mwanga. Begani palikuwa na doa la mafuta, la mviringo, upana wa kiganja. Nikalinusa. Ilikuwa nyonyo. Mafuta yalikuwa yamepenya suti yote mpaka kwenye fulana.

Mimi kichwani sina unywele hata mmoja, na mafuta hayo hakuna anayeyachemsha tena hapa kwetu.

Nilikwenda kuwafungulia kuku. Fulana sijaifua.