Rafiki wa Silasi

Kwa uongo, Silasi hakuwa na mpinzani toka Nyegina mpaka Bunda. Mwenyewe ndivyo alivyosemaga, na mtu aliyemaliza kidato cha nne haulizwi ushahidi. Hajanaswa hata siku moja!

Asubuhi ile ya mwaka sabini na tano alikaa mbele ya Bi Getruda, ofisa ustawi wa jamii pale Musoma. Dada yake alikuwa amefariki na kuacha binti wa miaka saba, Nyangi, aliyekuwa akilelewa na jirani, Marcelina. Sasa mjomba wao Makongoro wa Bunda aliomba barua ya kumchukua mtoto. Ilishapigwa taipu; ilibaki sahihi.

“Ndugu Ofisa, nina rafiki yangu mmoja.”

“Ana jina?”

“Analo, ila kalisahau nyumbani.”

Getruda hakucheka wala hakununa. Akaweka kalamu chini.

“Rafiki yangu alilelewaga na mjomba huyo huyo. Akiwa na miaka tisa, akapoteza ndama. Mjomba akasema basi mchungaji naye atiwe alama, asije akapotea. Chuma kile kile cha ng’ombe, chekundu. Mgongoni.” Silasi akacheka peke yake. “Bunda nzima hakuna mtu mgumu kuibwa kama rafiki yangu.”



Alikuwa ameandaa uongo kwa maswali mawili: mbona rafiki alinyamaza miaka yote hiyo, na alimkosea nini mjomba. Getruda hakuuliza hata moja.

“Mwambie namwamini,” akasema. “Na kosa halikuwa lake, hata wangepotea ndama kumi. Barua hii sisaini. Mtoto atabaki kwa Marcelina, na Bunda nitakwenda mwenyewe.”

Silasi akavuta pumzi, mabega yakashuka kama aliyetuliwa gunia la pamba.

“Ila nahitaji maneno yake kwa maandishi,” Getruda akaendelea taratibu. “Siku akiwa tayari. Anaweza kuja?”

“Aa, yuko Ukerewe. Anavua. Hana nafasi kabisa, maskini.”

Nyuma ya pazia la mlangoni benchi likalia. Pazia likavutwa, akaingia mama mmoja, khanga imejaa vumbi la basi: Hyasinta, mke wa Makongoro, aliyetumwa kuichukua barua.

Silasi akasimama. “Shikamoo, mama.”

 Hyasinta akamtazama kama anayehesabu miaka.

“Ukerewe gani, mwanangu? Samli nilimpaka nani, siku tisa amelala kifudifudi? Nilikuwepo. Nikanyamaza.” Akamgeukia Getruda. “Barua siichukui tena. Huyo rafiki ndiye huyu.”