Vumbi la Filimbi

Filimbi ya mwisho aliyoichonga marehemu baba ilikuwa na tundu jembamba mno, haikutoa sauti, na mama alitamani kuisikia ikilia. Binti aliingiza chuma cha kupanulia, akakizungusha polepole. Akizidisha kidogo tu, ameiharibu, na hakuna nyingine.

"Leo unapuliza vumbi kama baba yako kabisa," mama alisema kutoka jikoni. "Pumzi ndefu, halafu kikohozi!"

Binti aliacha kuzungusha. Alikuwa amesahau kupuliza. Lakini unga wa mti ulikuwa umetoka tunduni wenyewe, ukatua mkononi mwake, vuguvugu.

Akataka kuzungusha tena. Chuma kikagoma, kana kwamba kimeshikwa upande wa pili.

"Haya, baba," akanong'ona. "Inatosha."

Chuma kikaachiliwa. Akakichomoa, akaipuliza filimbi, ikalia, na jikoni mama akaitikia:

"Abee, mume wangu."