Mkanda Kabla ya Suruali

Marehemu Nazari alikuwa seremala hodari, lakini kwa pupa alikuwa hana mwenzake mtaa mzima wa Viwanja Sitini. Siku alipoamua kumtandikia mama yake sakafu ya mbao, maana saruji ilikuwa ikimtafuna miguu kila masika, alianza na skatingi, zile mbao nyembamba zinazozunguka chini ya kuta. Kila fundi anajua skatingi hupigwa mwisho ili iikalie sakafu. Yeye alitaka mama aone walau kitu kimoja kimekamilika.

Mdogo wake Fulgensi, aliyemaliza kidato cha nne na ulimi mkali kuliko cheti, alisimama mlangoni akatazama.

"Kaka, umevaa mkanda kabla ya suruali."

Mama Odilia alicheka mpaka akashika ukuta.

Suruali yenyewe Nazari hakuivaa. Malaria ilimpanda kichwani, akaenda zake, akaacha mbao za mninga zimepangwa uani. Sasa kesho ni arobaini, watu watatoka kanisani waje kukaa humu, na anayetandika ni Fulgensi. Ulimi wake umelala tangu mazishi. Hakulia, hakutania. Akipewa pole anajibu "ahsante" kama mtu aliyepishwa njiani.

Mama aliweka sharti moja tu: "Skatingi ya mwanangu usiing'oe. Ndiyo kazi yake ya mwisho."

Basi Fulgensi alizikomesha mbao upana wa kidole kabla ya kuifikia skatingi. Bonde la Kilombero halina utani na mbao: mvua zikikolea hata mlango huvimba ukagoma kufungwa, sembuse sakafu. Ule upenyo ulitakiwa kufunikwa na vijiti vya kuzibia, vipigiliwe kwenye skatingi, ili sakafu ivimbe na kunywea chini yake bila kumgusa mtu. Upande wa dirishani alikuwa amekwisha maliza, mikono ikifanya kazi yenyewe, mwenyewe sijui yuko wapi.

"Hodi wenye nyumba, hata kama hamnitaki!"

Alikuwa Kassian, mtoto wa mjomba wake, na kwa hiyo mtani. Kule makaburini huyu ndiye aliyejilaza kaburini kabla ya jeneza, akadai pamebana na hatoki mpaka apewe jogoo. Leo alikuja amevaa kofia ya Nazari. Alimwamkia shangazi yake uani, akaingia, akaketi kwenye kona ambayo Fulgensi alikuwa anaielekea, akatoa sauti ya puani ya Nazari mtupu.

"Dogo, hii ni kazi au adhabu?"

"Sogea, binamu."

"Binamu nani? Mimi kaka yako. Sisogei mpaka unitanie."

"Kassian, kesho watu wanakuja. Sogea."

"Watakuja wakute maiti wawili, mmoja ameshika nyundo." Kassian akainamia kijiti cha dirishani, akakifuata kwa kidole, na ile sauti ya puani ikampotea. "We Fulgensi. Misumari umepiga wapi hii?"

Fulgensi akatazama. Ukuta mzima alikuwa amevipigilia vijiti sakafuni. Masika yakija sakafu itavimba ivisukume vijiti, vijiti viisukume skatingi, skatingi ya Nazari ipasuke. Kosa la mtu aliyeanza kushika randa jana.

Akapenyeza meno ya nyundo, akaegemeza kichwa cha nyundo kwenye skatingi, akavuta. Msumari wa kwanza ulitoka. Wa pili uligoma, akakaza. Kilichotoka ni skatingi, nzima, na misumari yake na tonge la lipu.

Kassian akavua kofia.

Fulgensi alichungulia ukutani. Alidhani kifuani kutakatika kitu. Hakikukatika. Palikuwa na lipu tu isiyopakwa rangi, na buibui mkavu.

Mama Odilia alitokea na ungo mkononi. "Nini hicho?"

Aliutazama ukuta, akautazama ubao.

"Kaka alivaa mkanda kabla ya suruali, mama," Fulgensi alisema. "Nimemfungua avae vizuri."

Ungo ulianguka, mchele ukatapakaa juu ya mninga. Mama alicheka mpaka akashika ukuta, akacheka na machozi yakimshuka, na Kassian akacheka akimshikilia. Fulgensi aliwasikia kama redio ya jirani.

"Basi mvalishe," mama alisema akijifuta kwa kanga. "Huo mmoja tu. Mingine usiguse!"

Fulgensi aliongeza ubao mwembamba pembeni, akabakiza nafasi ya kuvimba, akairudisha skatingi juu ya sakafu kama inavyotakiwa. Ilipanda kuliko zile nyingine kwa unene wa ubao, kona zikakataa kukutana.

"Utaambiwa fundi mlevi," Kassian alisema.

"Nitawaambia mafundi walikuwa wawili."

Kassian alimtazama, akamvika kofia. Ilimtosha. Mama alikuwa amechuchumaa anaokota mchele, bado anachekacheka peke yake. Fulgensi akachukua kijiti cha ukuta uliofuata, akakilaza mahali pake, akapapasa kwa kidole kuhakikisha msumari unaingia kwenye skatingi, akapiga.