Wavu wa Luka

Kahawa ilipoanguka bei, watu wa bondeni, karibu na Mbozi Misheni, waling'oa mibuni ya chini wakachimba mabwawa ya samaki. Wa kwanza alikuwa Luka. Wa pili alikuwa Osea, maana hao walikuwa chanda na pete tangu Luka alipomsimamia Osea ndoa yake. Wavu ulikuwa mmoja tu, wa Luka, na kwa miaka tisa Osea hakuwahi kunyimwa.

Jumatatu ya wiki ya harusi ya binti yake, Tabita, Osea aliuazima aone kama perege wake wametosha kulisha wageni. Walikuwa wanene ajabu. Jioni mjane Tumpe, mwenye bwawa la chini, alikuja kuuomba, Osea akampa ukiwa bado unachuruzika maji.

Alhamisi asubuhi perege wa Osea walikuwa wanaelea, matumbo yamevimba, ubavuni vidonda vyekundu. Bwana samaki, afisa uvuvi wa serikali, alikuja, akampasua mmoja.

"Ni bakteria, mzee. Vijidudu hivi vimo majini siku zote, ila samaki mzima havimwezi. Vinasubiri achubuke au achoke. Vikishaua bwawa moja vinakuwa vingi mno, na wavu mbichi ukitoka pale unavihamisha. Wa kwako ulitoka wapi?"

Osea akacheka. Kwa Luka? Jumapili tu, mlangoni mwa kanisa, Luka alimwambia samaki wake wamejaa tele. Akatoka mbio kwenda kumtahadharisha rafiki yake, maskini wa Mungu, kwamba ugonjwa umeingia bondeni.

Bwawa la Luka lilikuwa kimya. Nyuma ya migomba palikuwa na udongo mpya, nzi wamejaa, na mbwa alikuwa amefukua mkia wa perege. Luka alitoka nyumbani, akaona Osea anachokitazama.

"Walikufa lini?"

"Jumamosi."

"Na Jumatatu ukanipa wavu."

"Ningekunyima ungeuliza kwa nini," Luka alisema. "Sijawahi kukunyima kitu, Osea. Habari ingefika kwa wateja. Nikasema labda Mungu atanusuru."

Luka angemwibia, Osea angemsamehe. Angemtukana mbele ya wakwe, siku moja wangelicheka jambo hilo. Lakini alimtazama machoni akampa kifo cha samaki wa harusi ya Tabita, mtoto ambaye Luka mwenyewe alimbeba mgongoni, ili tu asiulizwe swali. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema wahenga. Hawakusema kwamba kinakusaidia hata kukunja wavu.

"Uko wapi sasa?" Luka akauliza. "Tuuchome."

Ndipo Osea alipomkumbuka Tumpe.

Alimkuta ukingoni mwa bwawa lake, wavu umeanikwa uzioni. "Karibu, Baba Tabita! Juzi niliwatazama, wako wengi. Ishirini nimekutengea wa harusi."

Nyuma yake perege mmoja alikuwa amelala ubavu juu ya maji, bado anahema. Neno la kwanza lililomjia Osea mdomoni lilikuwa asante, kisha ajiendee zake. Alilimeza kwa shida.

"Usimpe mtu samaki hao, dada. Wavu ule una ugonjwa. Mimi ndiye niliyekupa."

Tumpe aligeuka akamwona yule samaki. "Ulijua?"

"Haki ya Mungu sikujua."

Tumpe aliokota kijiti, akauondoa wavu uzioni bila kuugusa, akamtupia miguuni.